Miwaridi ya Tabora: jua zamu ya mdudu kabla ya kuloweka mwarobaini

Ukiuliza dawa ya asili ya mawaridi mjini Tabora, iwe Kanyenye, iwe Ipuli, jibu linakuja hujamaliza swali: mwarobaini. Jibu si baya. Tatizo ni kwamba mwarobaini hauui kila mdudu, hauna haraka, na ukiandaliwa ovyo unabaki kuwa maji ya kijani yenye harufu. Mtu anapulizia wiki tatu, majani yanazidi kupauka, kisha anakimbilia duka la pembejeo kununua sumu ya shambani na kuimwagia miti mitano ya maua iliyo mbele ya baraza. Mara nyingi hapo hakuna mdudu sugu. Kuna mtu aliyekosea mdudu, au aliyekosea mwezi.

Mwezi una uzito kwa sababu mvua zetu ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba, zinakoma Aprili au mwanzoni mwa Mei, na baada ya hapo mbingu zinafunga karibu nusu mwaka. Mwaridi haulali kama unavyolala kwenye nchi za theluji; ukipata maji unachipua na kuchanua mwaka mzima. Kwa hiyo wadudu wanapokezana. Juni hadi Oktoba ni zamu ya utitiri, na kadiri joto linavyopanda vithiripi, wadudu wadogo wembamba wanaokaa ndani ya matumba, wanaungana nao. Mvua za kwanza zinaamsha mbawakawa. Vidukari hawangoji msimu: wanafuata chipukizi laini, ndiyo maana unawaona wiki mbili tatu baada ya kupogoa au baada ya kumwaga mbolea nyingi.

Kagua mara mbili kwa wiki, asubuhi, na ukaguzi wenyewe ni kugeuza majani. Upande wa juu wa jani unaonyesha madhara tu. Mwenye kosa anakaa chini. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi, gonga tawi kwa kidole mara tatu, tazama kinachotembea kwenye karatasi. Vinukta vinavyotembea polepole ni utitiri. Ukivisugua kwa kidole vinaacha mchirizi wa rangi. Vijiti vyembamba vya njano au kahawia vinavyokimbia ni vithiripi. Karatasi hiyo itakuokolea dawa nyingi.

Kiangazi na utitiri

Huyu ndiye anayemaliza miwaridi mingi Tabora, na ndiye asiyetambuliwa. Majani yanaanza kwa vidoa vidogo vya njano kana kwamba yamechomwa kwa ncha ya sindano, yanageuka rangi ya shaba, kisha yanadondoka. Wengi wanasema mti una kiu, wanaongeza maji kwenye shina, na mti unaendelea kupukutika. Ukiona utando mwembamba kati ya jani na kikonyo, umechelewa wiki kadhaa.

Utitiri ana miguu minane. Ni ndugu wa buibui na kupe. Jambo hilo lina maana kwenye mfuko wako, kwa kuwa sumu nyingi za wadudu hazimdhuru. Mbaya zaidi, zinaua wadudu rafiki wanaomla, na wiki mbili baadaye utitiri wamejaa kuliko mwanzo. Mtu aliyepulizia sumu kali mwezi Agosti na kuona hali imechafuka Septemba ameshuhudia jambo hilohilo.

Anapenda vitu vitatu: joto, ukavu na vumbi. Kwenye joto la nyuzi 30 anatoka kwenye yai hadi kuwa mzazi kwa muda wa wiki moja hivi. Vumbi la barabara ya udongo linalotua kwenye majani linamsaidia yeye na kuwazuia adui zake kuwinda. Miwaridi iliyo kando ya barabara isiyo na lami ndiyo inayoumwa kwanza. Ua wa michongoma au hata turubai la magunia kwa upande wa upepo hupunguza shida kabla hujagusa bomba la kupulizia.

Dawa yake ya kwanza ni maji. Chukua mpira wa maji au bomba la mkono, elekeza mkondo kutoka chini kwenda juu ili upande wa chini wa jani uoshwe. Fanya saa 1 au saa 2 asubuhi, siku tatu mfululizo, kisha mara mbili kwa wiki. Usiogope ukungu kwenye kiangazi chetu, majani yanakauka mapema. Mgao wa maji ukikubana, bomba la lita 5 linatosha miti miwili au mitatu ukiosha kwa utulivu.

Baada ya kuosha, kama bado wapo, tumia sabuni. Na hapa watu wanaharibu. Sabuni inayotakiwa ni ya mche, ile ya kufulia inayokatwa vipande, isiyo na rangi kali wala manukato. Kipande cha ukubwa wa kiberiti, kama gramu 25, kinatosha lita 2 za maji. Kikwaruze, kiyeyushe kwenye maji ya vuguvugu kidogo, ongeza maji mpaka zitimie lita 2, acha yapoe. Sabuni ya unga usitumie: ina kemikali za kuondoa madoa zinazovua nta ya jani, na kingo za majani zinaungua. Maji ya kisima yenye chumvichumvi nayo yanaharibu kazi. Ukiona mabonge meupe yanaelea na povu hakuna, sabuni imeshashikana na chumvi na haina nguvu tena. Tumia maji ya mvua au ya bomba.

Sabuni inaua kwa kumgusa mdudu ikiwa mbichi. Ikikauka imekwisha kazi. Kwa hiyo lowanisha upande wa chini wa majani mpaka yadondoshe matone, jioni jua likishuka, na asubuhi yake suuza kwa maji matupu. Mayai ya utitiri hayafi kwa sabuni, ndiyo maana lazima urudie baada ya siku 5, halafu tena baada ya siku 5 nyingine. Anayepulizia mara moja na kusema sabuni haifanyi kazi ameacha mayai yaanguliwe. Na kabla ya kuanza, jaribu kwenye majani manne matano, subiri siku mbili. Mwaridi wenye kiu usiupulizie kitu chochote; mwagilia kwanza, dawa kesho yake.

Kumwagilia kwenyewe: lita 10 hadi 15 kwa mti mkubwa, mara mbili kwa wiki, mara tatu kama udongo wako ni mchanga mtupu. Kikombe kila jioni hakifiki kwenye mizizi, na mti wenye kiu ya kudumu ndio utitiri wanaouchagua.

Vidukari, na sisimizi wanaowachunga

Kidukari ni rahisi kumwona: makundi ya kijani, mekundu au meusi kwenye ncha za chipukizi na shingo za matumba. Majani machanga yanajikunja, kuna utomvu unaonata, na juu ya utomvu inaota masizi meusi. Jike anazaa watoto hai bila kuhitaji dume, kwa hiyo kundi la leo asubuhi si kundi la Jumapili ijayo.

Kabla ya yote, tazama kama sisimizi wanapanda mti. Wakiwa wanapanda na kushuka kwa mstari, wanafuata utomvu, na kwa ajili ya utomvu huo wanawafukuza wadudu wanaokula vidukari. Ukiua vidukari na kuacha sisimizi, utarudi kwenye kazi hiyohiyo. Funga shina kwa utepe wa plastiki wenye upana wa sentimita 5, kaza vizuri, kisha paka grisi juu ya utepe. Grisi isiguse gamba la mti wenyewe, itauchoma. Angalia pia matawi yanayogusa ukuta au nyasi ndefu. Sisimizi hawana haja ya shina ikiwa kuna daraja.

Halafu vidole. Chipukizi lililojaa vidukari libane kati ya vidole viwili, uvute kwenda juu. Kwa miti isiyozidi kumi njia hii inashinda dawa zote kwa kasi. Maji yenye nguvu nayo yanawaangusha, na wengi hawarudi juu. Sabuni ya mche kwa kipimo kilekile ni hatua ya tatu. Majivu yanafaa pia: yachekeche, yanyunyize asubuhi umande ukiwapo, yaoshe baada ya siku mbili. Usiyafanye mazoea ya kila wiki, kwa sababu majivu yanaongeza ualkali kwenye udongo na mwaridi unapenda udongo wenye asidi kidogo. Majani yakianza kuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani, umezidisha.

Ukimwona mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu au wa machungwa mwenye madoa meusi, mwache. Na kile kiwavi cheusi chenye michirizi ya machungwa kinachokimbia kati ya vidukari, ambacho watu wanakiponda kwa kukiogopa, ni mtoto wake, na anakula vidukari kwa wingi. Nzi wa maua, anayeelea hewani bila kusogea, hutaga mayai kwenye kundi la vidukari na mabuu yake yanafanya kazi hiyohiyo. Ukitaka wakae kwako, acha giligilani, karoti au bizari chache zitoe maua karibu na miwaridi. Wazazi wao wanakula poleni na nekta.

Wanaovutia vidukari zaidi ni sisi wenyewe. Urea nyingi au mbolea ya kuku isiyoiva inatoa machipukizi marefu, laini, yenye maji, na hicho ndicho chakula wanachokitafuta. Ndoo ndogo moja ya mboji iliyoiva kwa mti kila miezi mitatu inatosha.

Mwarobaini, kama unautaka ufanye kazi

Miti ipo kila mtaa, kwa hiyo hakuna sababu ya kutumia majani wakati nguvu iko kwenye mbegu. Okota matunda yaliyoiva yakawa ya njano, ondoa nyama kwa maji, anika mbegu kivulini, kamwe si kwenye jua kali, mpaka ukitikisa unasikia kiini kikigonga ganda. Hifadhi kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa. Mbegu iliyoota ukungu tupa. Iliyokaa zaidi ya mwaka imeshapoteza nguvu.

Siku ya kutengeneza, menya, pima gramu 500 za viini kwa lita 10 za maji, au gramu 50 kwa lita 1. Twanga kwenye kinu ambacho hakitumiki kwa chakula. Twanga viwe chengachenga, vikitoa mafuta umezidisha. Loweka kwenye maji ya kawaida saa 12, usiku mmoja. Usichemshe: moto unaua kile unachokitafuta. Chuja kwa kanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili, la sivyo makapi yataziba pua ya bomba. Sabuni ya mche iliyokwaruzwa, kijiko kimoja cha chai kwa lita, weka dakika za mwisho kabla ya kupulizia. Ukiiweka tangu jana yake, ualkali wake unavunja dawa usiku kucha. Kwa sababu hiyohiyo usichanganye mwarobaini na majivu, ingawa mchanganyiko huo unasifiwa sana vijiweni.

Kama huna mbegu, kilo 1 ya majani mabichi yaliyopondwa kwa lita 5 za maji itasaidia, lakini tegemea matokeo hafifu.

Kuna kitu cha kukubali kuhusu mwarobaini: hauangushi mdudu palepale. Unamkatisha hamu ya kula na unamzuia kujivua ngozi, kwa hiyo unawakamata watoto, viwavi wadogo hasa, kuliko wakubwa. Siku ya pili utawaona bado wapo. Siku ya tano hadi ya saba ndipo tofauti inaonekana. Jua linauvunja kwa siku chache, basi pulizia jioni, rudia kila siku 7, mara tatu. Mvua ikinyesha usiku huohuo, anza upya.

Jioni kuna sababu nyingine. Huu ni mkoa wa asali, na mji wetu una chuo cha ufugaji nyuki. Nyuki wanaingia kwenye maua yako mchana kutwa. Hata sabuni inaua nyuki akilowa. Pulizia baada ya saa 12 jioni, na maua yaliyofunguka yaruke au yakate kwanza.

Tumbaku: acha

Kwa kuwa wilaya zinazolima tumbaku, Urambo, Kaliua na Sikonge, ziko jirani, maji ya tumbaku yanatajwa kila mahali. Yanaua vidukari, hilo halina ubishi. Nikotini iliuzwa kama sumu ya wadudu kwa miaka mingi. Lakini nikotini inapenya kwenye ngozi. Wachumaji wa tumbaku wanajua kichefuchefu na kizunguzungu kinachowapata majani yakiwa na umande. Chombo ulichoiloweka kikichanganywa na vyombo vya nyumbani, mtoto anaweza kufa. Inaua nyuki na wadudu rafiki bila kubagua. Na tumbaku inabeba virusi vya batobato ambavyo havitaudhuru mwaridi sana, lakini mikono na bomba vitavipeleka kwenye nyanya, pilipili na biringanya zako nyuma ya nyumba. Kitu cha asili kinaweza kuwa sumu kali kuliko cha dukani, na hiki ni mfano wake.

Utupa, mmea mwingine unaotumiwa kuulia wadudu, nao uuheshimu. Ni mmea uleule uliokuwa ukitumika kuvulia samaki, na unaua samaki kweli. Anayeutumia asisuuze bomba mtoni wala kwenye bwawa la Igombe.

Novemba, mvua zikigonga

Usiku wa mvua za kwanza mbawakawa wa kahawia wanajaa kwenye taa za baraza. Asubuhi matumba yametobolewa na majani yamebaki nyavu. Hakuna dawa ya kupulizia inayowafaa sana. Zima taa ya nje au isogeze mbali na maua, toka na tochi saa 2 hadi saa 4 usiku, watikise waanguke kwenye beseni la maji ya sabuni. Kwa wiki mbili hivi kazi ndiyo hiyo. Mabuu wao ni wale funza wanene weupe waliojikunja, ambao unawakuta kwenye samadi mbichi ya ng'ombe. Wakiingia kwenye shimo la mwaridi wanakula mizizi. Samadi iive, na uichekeche kabla ya kuweka.

Mchana utaona mwingine: mrefu, mweusi mwenye mikanda ya njano au myekundu, anakula petali kwa utulivu kama mwenye shamba. Huyo usimponde kwa mkono mtupu, kwa kuwa damu yake inatoa malengelenge. Vaa glavu au tumia kibanio, mtumbukize kwenye maji ya sabuni.

Mchanganyiko wa pilipili na kitunguu saumu unasaidia hapa kama kizuizi cha siku mbili tatu: gramu 100 za pilipili kali, vichwa 2 vya saumu, saga, loweka usiku katika lita 1, chuja, ongeza maji mpaka lita 5, weka sabuni kidogo. Unafukuza, hautibu. Vaa miwani na usisimame upande unakoelekea upepo.

Mvua zikikolea, madoa meusi yenye kingo zilizochanika kwenye majani ni ukungu, hayana mdudu, wala mwarobaini hautayaondoa. Okota majani yaliyoanguka, yachome, pogoa katikati ya mti upate hewa, mwagilia chini tu. Ubwiri unga, ule weupe kama unga wa muhogo, unapungua kwa maziwa sehemu 1 na maji sehemu 9, yakipuliziwa asubuhi kila wiki.

Vithiripi sina habari njema sana. Wanakaa ndani ya tumba ambamo dawa haifiki. Petali zinatoka na kingo za kahawia, hasa kwenye mawaridi meupe na ya njano. Kata kila ua lililoharibika, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, liache juani siku mbili. Kata kipande cha ndoo ya bluu, kipake mafuta mazito, kining'inize usawa wa maua. Rangi ya bluu inawavuta. Hutawamaliza, utawapunguza.

Wadudu magamba, wale wanaoonekana kama chokaa kwenye matawi ya zamani, hawahitaji maarifa: mswaki uliochakaa, maji ya sabuni, na mkasi kwa tawi lililofunikwa kabisa.

Kuhusu mchwa, kosa ni matandazo. Nyasi kavu au mabua ya mahindi yaliyorundikwa mpaka kwenye shina ni kuwaita. Acha duara tupu la sentimita 10 kuzunguka shina, tumia mboji iliyoiva badala ya mabua, ng'oa visiki vilivyokufa, na ukiona njia ya udongo ikipanda kwenye gamba ifute siku hiyohiyo. Mchwa wanaanza na sehemu iliyokufa, kwa hiyo kila tawi kavu likatwe hadi kwenye mti hai, mkato wa mshazari, nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje.

Halafu kuna majani yaliyokatwa nusu duara safi pembeni, kana kwamba kwa mkasi. Hakuna mdudu, hakuna kinyesi, hakuna utando. Huyo ni nyuki mkata majani. Hali jani, analibeba kwenda kujengea kiota chake, na anachavusha maua njiani. Usimpulizie chochote.

Mwisho, kama petali zako zinakwenda kwenye marashi, kwenye sinia la harusi au kunyunyizwa siku ya Maulidi, acha kupulizia kitu chochote siku saba kabla ya kuchuma, isipokuwa maji. Mwarobaini unaobaki kwenye ndoo hauhifadhiwi. Baada ya siku moja hauna maana, umwage kwenye udongo chini ya miwaridi na suuza bomba mara mbili.